Kigelegele Kilichopandia Igalula

Hamburg, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kama umeipokea barua hii umesimama, tafuta kiti kwanza. Goti linaendeleaje? Na dawa za presha, unazimeza au unazitunza kabatini kama vyombo vya wageni? Mvua imeshafika Isevya, au bado mnaangalia juu? Mimi huku ni mzima. Kiwandani kwetu, kwenye mikate, tunaingia kukiwa bado giza na kutoka mchana. Unga umenipenya hadi masikioni na baridi nayo haina adabu, lakini siumwi popote.

Vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Tatu akusomee, maana dada yangu akinusa utamu huruka mistari na kukimbilia mwisho.

Mama, nimeshinda. Santuri ya marehemu baba imeimba.

Siku ile naondoka, ulipoitoa sandukuni ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga, ulisema maneno machache tu: "Huko kwenye mashine, kaniangalizie kama nimo au simo." Nilikuelewa. Tangu utoto wangu haijapita sikukuu bila Baba Mdogo Rajabu kukutania mbele za watu. Ukisema ulikwenda Dar na bendi ya baba kurekodi santuri hii, na kwamba kigelegele cha katikati ya wimbo ni chako, yeye huweka kikombe chini.

"Shemeji, gitaa la kaka nililibeba mimi hadi stesheni. Nilisimama pale mpaka behewa la mwisho likapita. Wewe hukuwemo."

"Nilipandia stesheni ya Igalula, kwa shangazi," unamjibu, "maana mama mkwe asingeniruhusu kuondoka na wapiga muziki."

"Igalula! Na huyo mpiga kigelegele mwenyewe alipandia wapi, Malongwe?"

Watu wanacheka, nawe unacheka nao, kisha unaingia jikoni. Mimi nilikuwa nakufuata huko jikoni, mama. Kule ulikuwa hucheki. Na mashine yetu ya santuri iliharibika kabla sijapata akili, baba naye akatutoka, kwa hiyo hakubaki wa kukutetea.

Basi, hapa kuna gulio la vitu vilivyotumika kila Jumamosi. Nimezunguka humo miezi na miezi mpaka nikapata mashine ya santuri isiyo na spika, ina sahani ya kuzungusha, mkono wenye sindano, na nyaya zinazoning'inia nyuma. Nikaibeba kwapani hadi nyumbani. Nikafungua kanga yako, nikaishika santuri, ikaniteleza mkononi kama andazi.

Mama! Nani alikwambia santuri hupakwa mafuta ya nazi?

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukipaka mafuta ngoma ya baba kila ikikaribia Idi, ngozi isipasuke. Kumbe santuri nayo ilikuwa inapata haki yake. Vumbi lote la Isevya limekuja Ulaya limenata humo, na ile mifereji ambamo sindano hupita ilikuwa imejaa uji mweusi. Muuzaji mmoja wa santuri aliitazama akaniambia niitundike ukutani iwe pambo. Nilimshukuru, nikaenda kununua sabuni ya vyombo. Niliifunika ile karatasi ya katikati kwa kifuniko cha plastiki, nikaiosha kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini ya mtoto mchanga, nikafuata duara polepole. Maji yalitoka meusi, yakatoka tena meusi, mwishowe yakatoka meupe. Nilipoianika, iling'aa kama viatu vya bwana harusi.

Kuiunganisha na kompyuta nako kulikuwa na mambo yake. Mashine ina plagi mbili, nyekundu na nyeupe, na kompyuta za siku hizi zimebaki na tundu moja jembamba. Nikanunua waya wa kuziunganisha, nikachomeka. Nikasikia mbu. Bendi nzima, magitaa, tarumbeta na ngoma, imekuwa mbu aliyefungiwa ndani ya glasi. Kumbe sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, lazima ipitie kwanza kwenye kisanduku cha kuikuza ndipo iingie kwenye kompyuta. Nikakitafuta kisanduku. Sasa sauti ikaja, lakini ikaja na muungurumo, kama treni la mizigo limeegeshwa chumbani na dereva amekwenda kula. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipouona waya mwembamba wa tatu, ambao nilidhani ni masalio tu. Nikaufunga kwenye skrubu ya kisanduku. Muungurumo ukakatika palepale, nikabaki nasikia pumzi yangu.

Nikarekodi. Mama, gitaa la baba lilipoanza nililia, sikufichi. Nilikuwa na umri wa kumsahau alipoondoka, lakini vidole vyake nimevitambua kama nilikuwa nimekaa mapajani pake. Nikangoja. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, magitaa yakabaki peke yake, pale pale unapopataja siku zote. Pakawa na shimo. Sauti ilididimia kidogo, kisha waimbaji wakarudi. Nikarudia. Shimo. Nikarudia tena nimefumba macho. Hakuna kigelegele.

Nikakaa kitandani. Sijui kama nimewahi kujisikia mnyonge hivyo katika nchi hii, na nimenyongeka mara nyingi. Nikamwona akilini mjukuu wako Mwanaidi siku ya harusi yake inayokuja, Baba Mdogo amekaa mbele na kanzu yake ya pasi, nawe unaniangalia kwenye simu kusikia jibu. Nilianza hata kutunga maneno: pengine mafuta yamekula hapo, pengine walikikata studio. Na kwa mbali, Mungu anisamehe, nilianza kumwamini Baba Mdogo.

Nikasema basi, niisafishe sindano mara ya mwisho. Nikazima sauti ya kompyuta, lakini sikuisimamisha santuri. Nikainama kutazama vumbi. Mama, sindano huimba yenyewe! Hata bila spika, ukiikaribia sana, inanong'ona. Nikasogeza sikio mpaka nywele zikagusa mashine. Magitaa yakabaki peke yake. Halafu nikakisikia: chembamba kama uzi, kikapanda, kikakwama katikati kama mtu aliyekanyaga mwiba, kisha kikapanda tena, juu kuliko mwanzo.

Nani mwingine duniani hukwama hivyo? Isevya nzima inakijua kigelegele hicho. Nilitahiriwa nacho, nikafaulu darasa la saba nacho, na siku ya kuagana kituo cha basi kizima kiligeuka.

Basi mwizi alikuwa kompyuta. Siku hizi zimetengenezwa kwa ajili ya watu kuongea kwa video, kwa hiyo chochote kinachoingia kwenye lile tundu zinakipima: kama si maneno ya mtu wala mlio wa muziki, zinakihesabu kuwa kelele na kukifuta. Feni, mbwa, mtoto anayelia. Imesikia kigelegele chako ikasema ni kelele! Hata Baba Mdogo hajawahi kukuvunjia heshima kiasi hicho. Nikaitafuta ile sehemu, nikaizima, nikarekodi upya. Kikatoka, mama. Kikajaa chumba. Niliruka mpaka jirani wa chini, bibi mmoja mpole wa Kijerumani, akapanda kuuliza kama kuna usalama. Nikamkalisha asikilize.

"Ni ndege gani huyo?" akaniuliza.

"Ndiye mama yangu," nikamjibu, na nikamkatia mkate.

Kuna jambo jingine ambalo hujawahi kutusimulia, pengine hata wewe hulijui. Ukipaza kigelegele, gitaa la baba linateleza. Noti moja tu inakosewa, kisha linarudi njiani. Nimelisikiliza mara nyingi, na ninaapa yule mwanaume aligeuza shingo kukutazama.

Nimeuweka wimbo kwenye fleshi iliyomo ndani ya bahasha hii, na santuri yako imo kwenye kanga ileile, kavu. Amevileta Ndugu Masanja, tunafanya kazi pamoja, anakwenda likizo kwao Igunga na ameahidi kupita Tabora kwanza. Mpikie wali, ameutamani sana. Sikuurusha kwa simu ya Tatu, maana kabla ya alasiri mji wote ungekuwa umeshasikia. Mpe fleshi mpiga muziki wa harusi, aupige baada ya ndoa kufungwa, kinamama wakishakusanyika. Baba Mdogo mweke karibu na spika. Usimwambie kitu, na msimcheke sana. Ndiye aliyenishonea kanzu yangu ya kwanza, na kweli stesheni ya Tabora hakukuona. Mpe chai kwanza.

Nisalimie dada Tatu, na umwambie nimejua amekusomea. Bibi harusi mwambie mjomba anamwombea nyumba yenye kelele. Mfikishie salamu jirani yetu muuza asali, asali yake imewashinda wazungu kiwandani, na ustadhi wangu wa chuoni, na yule fundi baiskeli wa kona ambaye bado anadai nilimharibia pampu.

Na wewe, mama, siku hiyo kigelegele kikipanda, najua ulimi utakuwasha. Vumilia kidogo. Mwache yule binti aliyepandia Igalula amalize, wote wamsikie. Akishamaliza, simama umjibu.

Mimi mwanao, ambaye sasa ni shahidi wako,

Shabani