Nyumba ya Gongoni Imenyamaza

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, kisha nikainua kichwa kusubiri marahaba kama mjinga. Basi tuendelee.

Nyumba yako imeuzwa. Nakuambia mapema kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke. "Sema, mwanangu, uji unapoa," ndivyo ulivyokuwa ukituambia. Imeuzwa, na aliyeinunua ni mwanamke mwema. Sasa kaa nikueleze ilivyokuwa, maana kuna jambo limenitokea humu ndani na sina mwingine wa kumwambia.

Baada ya arobaini yako Hamisi alikuja akakaa kibarazani, akazungusha kofia yake mikononi. Unamjua mwanao akiwa na neno zito. Amechoka kukanyaga cherehani ya mtu kwenye baraza la duka, anataka ya kwake. Na mimi, mume wangu ameshahamishiwa stesheni ya Tura, ananingoja. "Dada, tuiuze kabla ya mvua," akasema. Nyumba ya udongo isiyo na mtu haimalizi masika mawili, hilo ulitufundisha mwenyewe. Nikakubali. Nikabaki humu peke yangu kungoja mnunuzi.

Kikwazo kilikuwa wewe, Mama.

Usinikasirikie. Mtaa mzima ulikuwa ukisema nyumba ya Bi Mwajuma ina mtu. Jua la adhuhuri likikolea, darini kunagongwa, ta, ta, ta, vile ulivyokuwa ukigonga mwiko kwenye ukingo wa chungu. Mlango wa chumba chako unafunguka wenyewe, taratibu, kama mtu aliyebeba kitu. Na upepo wa alasiri ukianza, uani kunafagiliwa. Mara ya kwanza nilitoka mbio, nywele zimenisimama, nikakuta ua mtupu. Mara ya pili nilitoka nikakuamkia. Baadaye sikutoka tena. Nilikaa chumbani nikikusikiliza ukifagia, na nakuambia kweli, nilifurahi.

Lakini furaha yangu haikumfaa Hamisi. Dalali alileta mteja saa ya jua kali, paa likagonga, mlango ukafunguka. Mteja akakumbuka ana shughuli sokoni. Dalali naye akakumbuka ana shughuli na mteja. Hamisi aliniangalia kwa hasira, akasema tutengeneze nyumba hii au ituangukie tukiwa tumekaa.

Basi tukatengeneza. Alipanda juu ya yale mabati aliyoyanunua marehemu baba aliporudi vitani, akakuta misumari imelegea. Bati likipata moto linajinyanyua, likigusa mti linagonga. Alikata vipande vya gurudumu kuukuu, akavitia chini ya misumari, akapigilia. Kidole chake alikipigilia pia, na matusi aliyoyatoa usingeyapenda. Gharama haikufika hata bei ya kuku. Kesho yake adhuhuri nilikaa jikoni na chungu changu, nikangoja. Paa kimya. Nililia, Hamisi alipoingia nikasingizia moshi.

Mlango ulikuwa umelala upande kwa sababu mchwa walikula fremu chini. Tuliweka kipande cha ngozi nyuma ya bawaba, sasa ukiuacha wazi unakaa wazi. Kule kufagia kulikuwa majani makavu ya mgomba yakisugua ukuta. Hayo niliyakata mwenyewe. Kila jani lililoanguka niliona ni wewe ninakufukuza kwa panga.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono tu. Tulikandika nyufa, tukasiriba sakafu, tukapaka chokaa. Nilitia chumvi kwenye chokaa kama ulivyokuwa ukifanya wewe, ili wageni wakiegemea wasiondoke na migongo ya wasaga unga. Chini ya kuta tukazungusha udongo mwekundu, mvua ikirusha matope yasionekane. Nyumba ikang'aa. Ungecheka, maana lile bati ulimwomba Hamisi alipigilie mwaka mzima, naye kila siku ni kesho.

Sasa ndilo hilo jambo. Siku tuliyomaliza, Hamisi ameondoka, kuta bado mbichi, paa limenyamaza, mlango umetulia, mgomba umekatwa. Alasiri nikasikia ukijikohoza ukumbini. Mara moja tu, laini, vile ulivyozoea kabla hujaingia chumba chochote, ili sisi tuliokuwa tukikusema tupate nafasi ya kubadilisha mazungumzo. Nilitafuta, Mama. Nilitafuta panya, nilitafuta mjusi, nikatazama mtungi wa maji. Nilikwenda mpaka kwa jirani kumtazama mbuzi wake, nikaambiwa mbuzi alishachinjwa. Na kila alasiri ukawa unajikohoza. Sikumwambia Hamisi, ningemwambia nini? Kwamba tumepaka chokaa bure?

Ndipo akaja Mama Kulwa, mjane wa mkulima wa tumbaku kutoka Goweko. Mapacha wake wanaanza shule ya misheni hapa mjini, anataka wapate pa kukaa. Alikuwa ameshasikia maneno ya watu. Akaingia na salamu yake ya kwao, mwangaluka, akaweka kikapu cha karanga chini, akasema, "Mimi nitashinda humu kutwa. Kama kuna mtu, tutaonana." Akaanza kumenya.

Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikapita, paa halikutoa hata neno. Akasifu sakafu. Hamisi alikuwa amekaa wima kama anapigwa picha. Mimi nilikuwa nikikuomba kimoyomoyo: Mama, leo tu. Leo tu nyamaza.

Alasiri ukajikohoza. Karibu kabisa, nyuma ya pazia, hujawahi kusikika wazi vile. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Hamisi alikuwa akieleza habari za choo cha uani, mdomo wake haukusita. Mama Kulwa alipuliza maganda kiganjani, akatia karanga mdomoni.

"Mmesikia?" nikauliza.

"Nini, mwanangu?" Wote wawili wakanitazama. Kisha yule mama akatabasamu. "Nyumba imetulia hii. Wanangu watasoma vizuri."

Wakapeana mikono. Kesho yake wakaenda boma kuandikishana, mimi nikabaki nikiyafagia yale maganda ya karanga. Nilikuwa nimekutafuta kwenye mabati, kwenye mlango, kwenye mgomba. Nimetengeneza nyumba nzima kukutoa, na kumbe humo hukuwamo. Nimeogopa, Mama. Nyumba inauzika. Mimi nitajiuza wapi?

Lakini hata hofu nayo mtu huizoea. Jana nilikwenda kaburini na Hamisi, tukakusomea, nikang'oa majani. Aliomba upumzike. Nami niliitikia amina, kwa sauti kubwa kuliko yeye, na sikuwa na hakika kama naitaka ile dua ikubaliwe.

Keshokutwa napanda treni. Hukuwahi kuipanda, lakini Tura unaijua kwa masimulizi ya baba yako, alipokuwa mpagazi akipita huko na mzigo begani kwenda pwani. Mume wangu anasema nyumba ya reli ina vyumba viwili na bati lake halina kelele. Nakuahidi Hamisi nitamtazama, cherehani yake ikifika. Nakuahidi kila mwaka nitakuja kukung'olea majani. Na kama umechoka, pumzika, sitakuita.

Kwaheri, Mama. Kama hujachoka, njoo Tura. Ingia moja kwa moja, usijikohoze. Huko hakuna anayekusema.

Mwanao,
Zuhura