Walivyomwangusha Twalibu Wangu

Mwamvita, kumbe ni kweli. Ule uvumi kwamba askari walioumia vita vya Kagera wanaangushana nyuma ya duka la Kurban uligoma kunitoka kichwani, leo nikaenda mwenyewe.

Nikamkuta Twalibu wangu, na mguu wake mmoja, yuko chini mavumbini. Wenzake wamekaa wanamtazama. Aliyemsukuma ni Shaban, yule asiye na mkono. Tena anacheka.

Nikavua ndala nikamchapa nayo. Mwamvita, nimempiga kilema na ndala.

Kisha nikamwinua mwanangu. Akanisukuma. Mimi, mama yake.

"Nilikuwa nainuka mwenyewe, mama. Leo ningeweza. Nenda nyumbani."

Shaban naye akadakia: "Hapa tunafundishana kuanguka na kuinuka, Mama Twalibu. Ukifa wewe, nani atamwinua?"

Ukifa wewe. Kaniambia hivyo mbele ya watu.

Sijawasamehe. Ila mwanao Yahaya naye anarudi kesho kutoka hospitali na magongo yake, kwa hiyo shika haya:

Usimfuate kwa wenzake.
Usimpelekee uji huko.
Usikae karibu naye mikono tayari kumdaka.
Akianguka, usimwinue. Toka nje, ukalie huko.