Nani Alishinda Mbio Zile

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri anataka makala ya Jumapili: wachezaji wa gemu hufurahia nini hasa. Usiniletee mitambo, kasema, niletee watu. Miaka ishirini na sita nimeandika mafuriko, kesi na bajeti. Leo gemu. Sawa.

Ufunguzi ninao. Sebule ya nyumbani, televisheni yenye kisogo, kaka na mimi sakafuni. Gari lake jekundu, langu la njano. Padi mbili za kuchezea — moja kitufe cha breki kimekufa. Sheria yetu: aliyefungwa jana anashika mbovu leo. Likizo nzima niliishika mimi. Siku moja kabla kaka hajaenda chuo, nikamfunga nayo. Kona ya mwisho, bila breki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nimelisimulia hili hadi kwenye harusi yake.

Jumanne, 4 Machi
Ukumbi wa gemu. Wachezaji kumi na wanne. Waliotaja picha nzuri ni wawili tu. Fundi friji: "Nikifungwa nijue nimefungwa kwa nini. Gemu ikinionea, nazima." Muuguzi hucheza na mumewe aliye mbali. Wakiwa humo, kasema, huzungumzia ada na homa za watoto.

Alhamisi, 6 Machi
Mtengenezaji wa gemu. Ofisi ghorofa ya pili, viatu kavua. Tukiona unazama, kasema, tunampunguzia mpinzani mwendo. Kidogo tu, usijue. Si udanganyifu huo? Kacheka. "Dada, ukifungwa mara kumi utarudi?" Na mchezaji akigundua? Hapo hakucheka. Akigundua, hata ushindi wa zamani unamtoka mkononi.

Limenikaa. Nimempigia kaka, kuthibitisha tu. Ufunguzi ni habari kama habari nyingine, na shahidi niliye naye ni mimi peke yangu. Naye: "Mdogo wangu, mbona unafukua hayo?"

Kaka, uliniachia au hukuniachia?

"Sikumbuki vizuri."

Nimewasikia mawaziri wakisema hivyo, kwa sauti ileile.

Ijumaa, 7 Machi
Mhariri kaupenda ufunguzi. Makala yafike kesho saa kumi jioni. Nikamwambia ufunguzi huo una tundu. "Tundu gani? Nani atakushtaki, kaka yako?"

Jumamosi, 8 Machi
Kwa kaka tangu saa saba. Mashine yetu ya gemu alikuwa nayo miaka yote, juu ya kabati, imefungwa kwa shuka. Sikujua. Wifi kaleta chai, kakuta tumekaa chini. "Mkishindwa kuinuka msiniite mimi." Nimeshika padi mbovu.

Raundi tano, kanifunga zote. Hana huruma hata chembe. "Kobe we! Toka njiani!" Sijacheka hivi tangu mama afariki.

Raundi ya sita. Kona ya mwisho, gari la njano mbele. Mlango ukagongwa. Kaka kasimamisha mchezo, kaenda kufungua.

Naandika hapa sakafuni. Saa tisa na nusu. Mhariri kapiga mara mbili.

Nilipoingia ile kona niliitupia jicho mikono ya kaka. Kidole gumba kilikuwa hewani, si kwenye kitufe cha mwendo. Labda alishausikia mlango. Labda.

Namsikia anaagana na mgeni. Ndala zinarudi koridoni. "Upo tayari, mdogo wangu?"

Nimemwambia asubiri kidogo. Sijaamua nitazame gari au mikono yake.