Kwinini Haichagui Sikio

Jumatano, 4 Juni

Nimepiga alizeti mpaka saa sita. Mgongo ukakataa, nikaacha vichwa vilivyobaki juani. Kuku wakafanya sherehe. Mchana darasa la toba, mara ya pili.

Tunaorudi kundini mwezi huu tuko wawili tu. Mimi, na binti mmoja anayenyonyesha, aliyezaa kabla ya ndoa. Kosa lake kila mtu analiona, limelala mgongoni na lina mashavu mazuri. Langu limeandikwa kwenye kitabu cha mchungaji: nilimpeleka marehemu mke wangu kwa mganga kule Kinyangiri. Miaka tisa sasa. Kanisa likanitenga, mke akafariki, nikanuna. Nimenuna miaka tisa yote. Sasa nina sitini na saba na nimeanza kujiuliza nani ataniimbia kaburini. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kurudi. Sioni haya kuiandika, daftari hili halina msomaji.

Sababu ya pili ni udadisi. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote ya kazi. Nataka kujua msamaha wa Mungu unafanyaje kazi. Unaingia wakati gani? Mtu aliyesamehewa ana dalili gani? Maji yakichemka tunaona mapovu. Hapa tunaona nini?

Anayetufundisha ni mwinjilisti Naomi. Alisoma kwangu hapa hapa Kinampanda, darasa la tano. Nikiongea ananigeuzia sikio la kulia, maana la kushoto halisikii tangu utotoni. Watu husema ni vidonge vya kwinini, dawa ya malaria. Leo alinigeuzia mara nne. Nilihesabu.

Jumapili, 8 Juni

Benchi la nyuma, la sisi tuliotengwa. Wengine walikwenda kwenye Chakula cha Bwana, mimi na binti tukabaki tunamchezea mtoto. Niliwachunguza nyuso waliporudi kuketi. Wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Sikuona tofauti. Mzee mmoja alirudi anapiga miayo.

Ama kifaa changu cha kupimia ni kibovu, ama napima kitu kisichokaa usoni.

Jumatano, 11 Juni

Niliuliza swali darasani. Nilikuwa nalo tangu Jumapili. Kwamba mtu akitubu dhambi iliyoandikwa kitabuni, zile ambazo hazikuandikwa zinaingia humo humo, au zinabaki nje?

Naomi aliniuliza kwa utani kama ninazo nyingine. Binti akacheka. Nami nikacheka, cheko baya. Kisha Naomi akasema kanisa lina kitabu kwa sababu kanisa halioni vizuri. Linaandika lililoonekana: mimba, mke wa pili, pombe, mganga. Mungu hatumii kitabu chetu. Ukienda kwake na lile dogo huku umelikalia kubwa, hujaenda. Umetuma salamu tu.

Hakuwa ananisema. Nadhani hakuwa ananisema.

Niandike basi. Lile la mganga halijawahi kuniondolea usingizi. Nilimpenda mke wangu, nilijaribu kila mlango. Nitatubu, lakini halinichomi. Linalonichoma ni hili.

Naomi alikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nafundisha mzunguko wa dunia. Akanyoosha mkono, akauliza: kama dunia inazunguka, mbona ndege akiruka juu anatua kwenye mti ule ule? Swali zuri mno. Sikuwa na jibu. Darasa likacheka na mimi nikadhani wananicheka. Nikampiga kofi la sikio. La kushoto.

Siku ya pili yake akapata homa, akapewa kwinini. Alipopona sikio lilikuwa limetoa usaha na kufa. Watu wakasema kwinini. Sasa miaka thelathini na mitatu sijui lipi lilifanya nini. Mwalimu wa sayansi, na sikuwahi kuuliza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Kiomboi kuchukua dawa za presha. Nikamuuliza tabibu kana kwamba nauliza tu. Nilitaka sana iwe kwinini. Njiani nilijikuta naomba iwe kwinini. Mtu mzima, kwenye bodaboda, anaomba dawa iwe na hatia.

Tabibu alisema kwinini haichagui sikio. Ikidhuru, hudhuru yote mawili. Masikio hulia, kisha mara nyingi dawa ikiisha yanarudi yenyewe. Sikio moja peke yake, tena likatoa usaha, hapana. Akaniuliza kama huyo mtoto aliwahi kupigwa.

Nikasema sijui. Hata leo. Nimedanganya tena, tena kwa mtu asiyenijua.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemaliza alizeti. Kazi ikiisha mawazo yanapata nafasi.

Nimeandika juzi kwamba watu wakasema kwinini. Watu gani? Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema kwanza. Nilikwenda kumwona mgonjwa, nimebeba sukari, kama mwalimu mwema. Mama yake, Mama Raheli, alinieleza kwamba homa ilipopanda usiku alimwongezea mtoto vidonge, vingine juu ya vile alivyoambiwa. Nikashika pale pale. Nikamwambia, mama, hizo dawa ni kali, ndizo zimeua sikio. Nilisema kwa sauti ya darasani. Akaniamini. Nani angenikatalia? Nilikuwa na shati jeupe na cheti.

Kofi lilikuwa hasira ya dakika moja. Lile neno nililisema bila hasira, nimekwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwao.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nimetuma ujumbe kwamba nina mafua.

Sina mafua.

Jumatano, 18 Juni

Binti alipoondoka na mtoto wake nilibaki. Nilimwambia Naomi nikiwa nimekaa. Nilianza na ndege na mti. Nikaendelea mpaka kofi. Nikaeleza habari ya tabibu, kwamba kwinini haichagui sikio, nikaanza hata kumchorea ngoma ya sikio nyuma ya karatasi ya nyimbo. Akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Mwalimu," akasema, "sikio ni langu. Ningekosaje kujua?"

Alijua siku ile ile. Lililia, kisha likaanza kutoa maji, kabla ya homa na kabla ya kidonge chochote. Nyumbani hakusema kwa sababu mtoto aliyepigwa na mwalimu akisema nyumbani anaongezewa. Alipokuwa msichana mkubwa alimwambia mama yake ukweli. Mama yake akamkatalia. Akamjibu kwamba mwalimu mwenyewe alikuja akasema ni dawa, na mwalimu amesoma. Naomi akaona mama anadhani anamfariji tu, akanyamaza.

Nilimwomba msamaha. Alisema amenisamehe zamani, akiwa chuoni, siku moja anafua nguo. Hakuna aliyemshuhudia, na hakuona haja ya kuniletea taarifa. La kwake limekwisha. Nilitaka kumuuliza alijuaje kwamba limekwisha, lakini nikaona aibu kumfanya somo.

Kisha akaniambia lile lililonivunja. Mama yake huja kanisani kila Jumapili, ila hutoka kabla ya Chakula cha Bwana. Watu hudhani ana mbuzi wa kuangalia. Hana mbuzi. Tangu mwaka ule wa sikio hajakishiriki. Hakuna mchungaji aliyemtenga, jina lake halimo kitabuni. Amejitenga mwenyewe. Anasema mama aliyemharibu mtoto kwa mikono yake hana haki ya kukaa meza ile. Wachungaji wanne wamembembeleza. Kila siku anaomba msamaha kwa ajili ya vile vidonge.

Anaomba msamaha wa dhambi yangu. Miaka thelathini na mitatu anaiomba, na mimi nilikuwa nimenuna.

Naomi alisema la mama yake hawezi kulisamehe kwa niaba yake. Akafunga dirisha, akaenda zake.

Alhamisi, 19 Juni

Nimetoka nyumbani mara mbili kwenda kwa Mama Raheli. Mara ya kwanza nilirudi kwa sababu ya kofia. Mara ya pili kwa sababu ya woga.

Najiuliza kama nimwache. Ana karibu miaka themanini. Huenda ameshazoea. Huenda nikimwambia nitakuwa najitua mimi mzigo na kumtwika yeye mwingine. Swali la haki kabisa, lakini limenijia haraka mno, tena kwa upole mno. Silisadiki.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda.

Alikuwa uani anapepeta uwele. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akataka kuniletea kigoda. Nikamzuia, nikakaa chini. Nikamwambia yote bila kupamba. Kofi. Sukari. Maneno niliyomwambia, neno kwa neno, maana nayakumbuka. Nikamweleza kwamba vidonge alivyoongeza havikuua sikio. Alikuwa mama mwenye hofu na mtoto mwenye homa, basi.

Hakulia. Aliushika ungo mapajani, uwele ukawa unamwagika upande mmoja na kuku wakaja, hakuwafukuza. Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikataka kurudia.

"Kumbe haikuwa mimi," akasema.

Akasema tena, kwa Kinyiramba, kana kwamba kwa Kiswahili halikuwa limeingia. Halafu hasira ikaja. Sijawahi kuona hasira ikimpanda mtu mzee namna ile, polepole, kuanzia mikononi. Mengi aliyoniambia ni ya lugha ya nyumbani na niliyastahili, sitayaandika. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilipouliza kama niseme mbele ya usharika, alikataa. Alisema uongo niliuleta uani kwake, na nimekuja kuuondoa uani kwake. Hataki wanakwaya wauchezee.

Nikamwomba msamaha. Jibu lake naliandika kama alivyolitamka:

"Miaka yote hii nilikuwa najikasirikia mwenyewe. Niache kwanza nikukasirikie wewe, Mwalimu. Sijawahi kupata nafasi."

Nikamwambia ni haki yake. Akaniambia niende nyumbani.

Nimerudi kwa miguu. Nilitegemea kujisikia mwepesi, watu husema hivyo. Sikujisikia mwepesi. Nilijisikia nimeonekana. Ni kitu tofauti na sina jina lake.

Jumatatu, 23 Juni

Kwa mchungaji. Nilimweleza naye, kwa siri ya toba. Nikamwomba aahirishe kunirudisha mpaka Mama Raheli anisamehe. Niliona ndiyo heshima.

Mchungaji ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini lakini alinikaripia kama mwanafunzi. Aliniuliza kama nataka kumfanya yule mama awe bawabu wa mlango wangu kwa Mungu. Kwamba nimemtwika uongo miaka thelathini, sasa nataka kumtwika na wokovu wangu. Alisema Mungu amenipokea siku niliyokaa chini kwenye ule ua na kusema kweli, pengine hata kabla, njiani. Kwamba msamaha ule haukungoja hasira ya mtu iishe, na hasira ya Mama Raheli nayo isiharakishwe kwa sababu ya ratiba yangu. Yote mawili yakae.

Nilimuuliza yanakaaje yote mawili mahali pamoja. Aliniambia hajui, yeye huyaona tu yakikaa.

Nimependa jibu hilo. Mimi sikuwahi kuwaambia wanafunzi sijui. Ningemwambia hivyo yule mtoto siku ile, sikio lingekuwa zima.

Jumamosi, 28 Juni

Nimepiga pasi shati. Nimenyoa. Nimejikata kidevuni.

Jumapili, 29 Juni

Upepo mwingi. Vumbi mpaka kwenye nyimbo.

Tuliitwa mbele, binti na mimi. Mchungaji alisoma lile la mganga, nikakiri. Kimoyomoyo nikalisema lile lingine kwa jina lake. Akaniwekea mkono kichwani. Nilisubiri dalili. Nilisikia tumbo linanguruma na mtoto wa binti anacheka. Basi. Watu wakasimama wakaimba.

Wakati wa Chakula cha Bwana tulipiga magoti nusu duara mbele ya madhabahu. Mkono wangu wa kulia palikuwa na nafasi. Mtu akaja akapiga magoti pale taratibu, akitanguliza mikono sakafuni. Sikugeuka. Nikaona mikono, yenye uwele kidogo uliobaki chini ya kucha. Nikaijua.

Naomi alikuwa amesimama karibu na mimbari. Alifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo.

Mchungaji alimpa mkate Mama Raheli. Akanipa mimi. Kikombe vilevile, yeye kwanza kisha mimi. Hakunitazama, nami sikumtazama. Nilisahau kuchunguza. Nimekumbuka sasa hivi, nikiwa naandika, kwamba nilikuwa nimepanga kuchunguza.

Wengine wakainuka. Magoti yake yakakataa. Akaweka mkono begani kwangu, akanikandamiza kwa uzito wake wote, akasimama. Halafu akaondoa mkono, akarudi kwenye benchi lake.

Nje, watu walipopanga mstari wa kushikana mikono, mimi alinipita. Bado amekasirika. Bega linauma kidogo.