Koki ya Uani kwa Mama Thembi

Turffontein, Johannesburg
Mei 28

Kwa mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza makelele. Mimi sijambo. Anayekuletea ni Célestine, mshonaji, jirani yangu. Mpe chai, ametoka mbali, na tafadhali usimwulize ataolewa lini.

Utacheka nikikuambia kazi niliyofanya Jumamosi. Huku mabomba yanavishwa nguo. Jacques, fundi bomba Mkongomani anayepanga chumba cha pili, alinishikisha mkasi, tukakata sponji na kuizungushia kila bomba linalopita ukuta wa nje na darini, tukakaza kwa utepe. Anasema usiku wa Juni maji yakitulia ndani ya bomba hugeuka barafu, na barafu haikubali kubanwa, hupasua hata shaba. Mimi mtoto wa joto la Buyenzi, barafu naijua kwenye soda tu, ningeamini vipi? Sasa naamini, na sababu utaisoma huko chini. Usiruke mistari.

Mwenye nyumba wetu ni Mama Thembi, Mzulu, bibi wa miaka sabini na ushee. Mwaka jana hatukuvisha bomba lolote. Yeye alikuwa na dawa yake: jioni za baridi kali huiacha koki ya uani itone, maji yatembee yasigande. Hakunieleza, nami sikuuliza. Unamkumbuka baba na bomba letu la uani? Aliyeacha hata tone moja lidondoke alikula kofi, na baba akisema anayemwaga maji amemwibia jirani. Basi kila nilipotoka kwenye zamu yangu ya ulinzi kule Randburg, niliikuta koki inatona, nikaikaza kwa nguvu zote. Nilijiona mtoto mwema. Siku tatu mfululizo, hata nikamlalamikia Jacques kwamba wazee wa hapa hawana uchungu na maji. Kuuliza si ujinga, mama. Ujinga wangu ulikuwa kutouliza.

Siku ya nne asubuhi, jua lilipopanda, bomba la darini juu ya chumba changu lilifumuka. Nilikuwa nimekwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate. Niliporudi, maji yalikuwa yanatoka kwa mlango na kipande cha dari kiko kitandani. Mama Thembi alisimama uani kashika kichwa, akisema eish, nani aliyefunga maji yake. Nikamwambia ni mimi. Hakunifukuza. Alinipa ndoo na tambara, tukakausha pamoja mpaka mchana.

Mama, sasa nimefika pale ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza. Umeniomba picha ya harusi yenu, iwekwe kanisani kwenye misa ya baba ya miaka ishirini tangu afariki. Ulinikabidhi siku ninaondoka, kwa kuwa nyingine zote zilibaki katika nyumba tuliyoikimbia. Kila ulipoiulizia kwenye simu nilikujibu kwamba iko ukutani, safi kabisa. Nilikudanganya. Ilikuwa ndani ya sanduku juu ya kabati, chini ya bomba lile. Hata kuipiga picha kwa simu sikuwahi. Uso wa baba umefutika wote. Mwaka mzima nimekaa na aibu hii, na kila nikisikia sauti yako nashindwa kusema. Nisamehe, mama.

Iliyobaki imo ndani ya bahasha hii. Umebaki wewe na shela lako, na mkono wa baba begani kwako. Ukiona inafaa, iweke hivyo hivyo. Wajukuu wakiuliza alifananaje, waeleze. Halafu na mimi unieleze, maana nilikuwa na miaka minane, na sura yake nilikuwa naikumbuka kwa picha hiyo tu.

Nisalimie dada Belyse na watoto wake, na majirani wote wa uani. Jioni hii Mama Thembi ameifungua koki yake. Naisikia inatona nikiandika, na sijaigusa.

Ni mimi mwanao,
Armel