Ukuta wa Mita Tatu na Nusu

Jumatatu, 4 Machi

Hongera kwangu! Nimepewa kazi ya kutabiri bahari. Si ya kesho — ya miaka mia. Yaani yale maji makubwa yanayokuja mara moja katika karne, ili ukuta wa ufukweni ujengwe kwa kimo cha kuyazuia. Bosi (tunamwita Wastani, maana wastani ndio dini yake) anataka sahihi yangu Jumatatu ijayo. Kanipa na jibu kabisa: mita tatu na nusu. Kumbe kazi yangu ni kutafuta swali.

Nyumba ya kwanza nyuma ya huo ukuta ni ya mama mkwe. Anaishi peke yake, magoti mabovu, na habari ya kuhama hataki hata kuisikia.

Jumatano, 6 Machi

Jamani! Nimepitia rekodi za kipimo cha maji kule gatini. Miaka ishirini, na bahari haijakasirika hata siku moja. Bahari gani hiyo, ililelewa na watawa? Nikachimba. Kumbe programu ya ofisi ina mambo yake: kipimo chochote kikiruka juu kuliko kawaida, inakiita "kosa la kifaa", inakifuta, halafu inachora mstari kuziba pengo. Dhoruba zote zimefutwa! Tunatafuta maji makubwa kwenye data iliyokwisha kuchujwa maji makubwa.

Nimevirudisha vipimo kimoja kimoja, nikalinganisha na siku za upepo mkali. Karibu vyote ni vya kweli. Jibu jipya: mita nne na nusu.

Wastani kanisikiliza huku anakoroga chai. Kasema data chafu haipelekwi kwa mteja, tena programu ile aliichagua yeye mwenyewe. Basi, kesi imekwisha. Jumamosi kuna mkutano wa wakazi; namba yangu nitaipeleka huko.

Alhamisi, 7 Machi

Sina hamu.

Jumamosi, 9 Machi

Mkutano wa wakazi. Nimeeleza mita nne na nusu kwa upole wote, kama muuguzi aliyeficha sindano nyuma. Nani kanyoosha mkono wa kwanza? Mama mkwe! Kasema mkwe wake anampenda sana, ndiyo maana anamjengea jela. Upepo utapita wapi? Watu hoi kwa kicheko. Halafu akamsifu Wastani — kijana mwenye adabu, na ukuta wake una kiasi. Wastani kapigiwa makofi. Mimi nimepigiwa miayo.

Nyumbani mume wangu ananiambia nisimtishe mama yake. Nisimtishe! Nimelia jikoni, na hata kitunguu cha kukisingizia sikuwa nacho. Nampenda yule mama. Ndiyo tabu yenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Leo bamvua, siku za bahari kujaa kupita kawaida, na upepo tangu alfajiri unayasukuma maji huku kwetu. Nimeiacha karatasi ya kusaini mezani ofisini, nikaja mbio kwa mama mkwe. Nimekuta maji yameshaingia sebuleni, yananifika magotini. Mwenyewe yuko juu ya meza ya kulia, kajifunika shuka. Nikataka kumbeba — kagoma. Eti yeye si gunia. Mume wangu yuko njiani na lori la jirani, lakini barabara ya chini haipitiki, itabidi azunguke.

Nimefungua simu niangalie kipimo cha gatini. Saa tisa kamili: kosa la kifaa, kimefutwa. Na mstari wake mnyoofu, mzuri, mkavu. Kwa hiyo haya maji hayapo! Nimemwambia mama mkwe. Hakucheka. Kanishika mkono, wake wa baridi, akauliza yatafika wapi. Sikumdanganya. Nimemwambia bado yanapanda, yatajaa kabisa saa kumi na moja.

Tumekaa wawili juu ya meza. Naandika ili nisipige kelele. Naogopa sana.

Wastani kapiga. Mbona sijasaini? Mteja yuko ofisini, anasubiri! Nikamwambia ngoja kidogo bosi, kuna mkazi hapa ana maoni. Nikampa mama mkwe simu.

Mpaka sasa hajanyamaza. Wastani namsikia kwa mbali: ndiyo mama, ndiyo mama. Maji yamefika kwenye kitasa cha kabati.