Nilimwambia Aviweke Nje

Mwenzangu, nimekwisha. Niko kwa baba mkwe, nimejifungia chooni.

Si nilijitia fundi wa kumwekea kompyuta yake mfumo mpya? Juzi nikampigia nikamwambia, "Baba, vitu vyako vyote viweke nje kwanza, maana nitafuta kila kitu." Nje. Mimi nilimaanisha kwenye ile diski ndogo ya kuchomeka tuliyomnunulia.

Leo nimefika nikamuuliza, umeviweka nje? "Vyote, mwanangu, hata sauti za mama."

Nikafuta. Masaa mawili mfumo unajipanga, sisi tunapiga soga.

Ukawaka. Nikaomba diski. Akaniuliza, diski gani.

Diski gani, mwenzangu. Iko kwenye boksi lake, hata haijafunguliwa.

Kumbe alivitoa kwenye mafolda akavimwaga pale kwenye skrini, juu ya ile picha ya maua. Kwake yeye ndani ni kwenye folda, nje ni hapo usoni pa kompyuta. Na niliviona. Niliviona kwa macho yangu vimejaa pale kabla sijafuta, nikadhani ni takataka.

Zile sauti unazijua. Mama mkwe alimrekodia akiwa hospitali, wiki zile za mwisho. Mzee huzisikiliza kila asubuhi akinywa chai. Nakala nyingine hakuna.

Sasa hivi anagonga mlango, taratibu. Anasema, "Mwanangu, ukitoka huko, njoo uvirudishe ndani."